Miguu inawaka moto baada ya kusimama kutwa: beseni, soksi za kubana, viatu au vidonge, uchague kipi?

Nimeuza mashuka na mapazia Kariakoo miaka sita, mtaa wa Kongo, na kwenye lile duka hakukua na kiti. Yani kiti kilikuepo kimoja, cha boss. Sisi wadada watatu tunasimama toka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni juu ya taili, af ukitoka hapo unaenda Gerezani kusimama foleni ya mwendokasi, unapanda unasimama tena mpaka Kimara. Ukifika nyumbani ukavua kiatu unakuta alama ya soksi imechimba kwenye kifundo kama mtu alikufunga kamba, na ukipanda kitandani miguu inapwita mpaka usingizi unakuja kwa shida.

Ushauri nilipewa wa kila aina. Mama mwenye nyumba akasema beseni la maji ya moto na chumvi ya mawe, jirani yangu nesi akasema nunua soksi za kubana, kaka akasema hivyo viatu vyako ndo vinakuua tafuta raba, na kijana wa duka la dawa yeye kila nikipita ananipa vidonge tu. Nimevijaribu vyote kwa nyakati tofauti na ukweli ni kwamba hakuna aliyenidanganya, ila kila mmoja alikua anatibu maumivu tofauti, na mimi nilikua sijui nina maumivu gani kwahiyo hela nyingi nimezipoteza kwa kununua kitu kizuri cha tatizo la mtu mwingine.

Kwahiyo kabla hatujafika kwenye kulinganisha, jiangalie kwanza.

Kuna maumivu ya uzito na uvimbe. Mguu unakua kama umejazwa maji, kiatu kilichokutosha asubuhi jioni kinabana, ukibonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo panabaki kishimo. Hii ni habari ya mishipa ya damu. Damu ikishuka mguuni inatakiwa ipande tena mpaka kwenye moyo, na inayoisukuma ni misuli ya shavu la mguu, kila ukipiga hatua msuli unaubana mshipa na damu inapanda, na ndani ya mshipa kuna vilango vidogo vinavyozuia isirudi chini. Ukisimama tuli hiyo pampu umeizima, damu inatuama, maji yanavuja kuingia kwenye nyama za mguu. Ndo maana machinga anaezunguka kutwa nzima na begi analalamika tofauti kabisa na mlinzi aliyesimama getini masaa yale yale. Na mkaanga chipsi ana mtihani zaidi maana joto la jiko linatanua mishipa, damu inazidi kutuama.

Kuna maumivu ya misuli kuchoka: mashavu ya miguu yamekaza, mapaja, mpaka kiuno. Hapa mguu haujavimba, umechoka tu kama umelima.

Af kuna ya unyayo na kisigino. Hii utaijua asubuhi, ukishuka kitandani hatua tatu nne za kwanza kisigino kinachoma kama umekanyaga msumari, ukitembea kidogo inalegea, jioni inarudi. Huo ni mshipi mgumu unaopita chini ya unyayo toka kisigino mpaka vidoleni, umevutwa mpaka umeumia.

Unaweza ukawa na mbili kwa pamoja, mimi nilikua na ya kwanza na ya tatu.

Sasa kila njia hapa chini nimeiuliza maswali manne yale yale ili isiwe ubishi wa Simba na Yanga: inagusa maumivu gani, nafuu inakuja lini na inakaa muda gani, inakula hela na usumbufu kiasi gani, na nani asiiguse. Mwisho naeleza nani inamfaa.

Beseni la maji

Inagusa nini: misuli iliyokaza, hapo maji ya moto ni mfalme. Ila kwa mguu uliovimba moto unatanua mishipa zaidi, kwahiyo unaweza ukaona raha ukiwa ndani ya beseni na ukitoka mguu umejaa vile vile au umezidi. Uvimbe unataka maji ya baridi. Na hapa Dar maji ya baridi ni hadithi, maji ya simtenki lililopigwa na jua kutwa jioni yanatoka kama yamechemshwa, inabidi ununue barafu ya dukani zile za mfuko utupie humo.

Kuhusu chumvi, najua nitagusa watu pabaya. Chumvi ya mawe, chumvi ya jikoni, au ile ya Epsom ya kwenye famasi (ile sio chumvi ya kula, ni salfeti ya magnesiamu), hakuna uthibitisho wa maana kwamba inapenya ngozi ikaenda kutoa maumivu kwenye msuli. Kinachofanya kazi ni lile joto, na labda kule kukaa chini dakika 15 au 20 bila mtu kukuita. Ukiipenda weka, haina ubaya kama ngozi haina michubuko, ila usijinyime hela ya mboga kwa ajili ya chumvi ya famasi.

Nafuu inakuja palepale, na inakaa mpaka unalala. Kesho unaanza moja.

Gharama ni karibu na bure, ukitoa gesi au mkaa wa kuchemshia, na usumbufu upo, maana ukiwa umechoka kule kunyanyua sufuria nayo ni kazi.

Nani asiguse: mwenye kisukari ambae miguu inafanya ganzi. Huyo maji ya moto aachane nayo kabisa, maana anaweza kuungua asisikie na kidonda cha mguu kwenye kisukari sio cha mchezo. Mwenye vidonda au fangasi zilizochanika nae asubiri.

Inamfaa aliyechoka misuli, anaefika nyumbani mapema na ana mtu wa kumchemshia maji. Kama ni mimi na uvimbe wangu, hapana.

Miguu juu ya ukuta

Hii niliidharau sana kwa sababu haiuzwi. Unalala chali chini kwenye mkeka, makalio karibu na ukuta, miguu unaiegemeza ukutani iwe juu kuliko moyo, dakika 15 mpaka 20. Kama ukuta unakuchosha weka mito miwili mitatu chini ya miguu, muhimu ni iwe juu ya usawa wa kifua, sio ile ya kukaa kwenye kochi na miguu juu ya stuli ukadhani umeinua, hapo umepumzika tu hujashusha maji.

Inagusa uvimbe na uzito, moja kwa moja, maana unafanya kazi ya pampu kwa kutumia mteremko. Kwa misuli inasaidia kidogo, kwa kisigino haifanyi chochote.

Nafuu unaiona ndani ya hizo dakika, mguu unakua mwepesi, alama ya soksi inaanza kufutika. Hela hakuna. Usumbufu ni watoto, wakikuona uko chini wanadhani ni mchezo.

Mwenye tatizo la moyo au anaebanwa pumzi akilala chali asifanye bila kuongea na daktari. Mjamzito wa miezi ya mwisho nae asilale chali muda mrefu, alale ubavu wa kushoto aweke mto kati ya miguu. Na mwenye kiungulia asifanye akiwa ametoka kula ugali.

Inamfaa karibu kila mwenye uvimbe, hata nesi wa shifti ya usiku akipata chumba na dakika kumi.

Soksi za kubana

Hapa ndo hela yangu nyingi ilipotelea mwanzoni, kwahiyo nitakaa kidogo.

Kwanza sio zile taiti za mtaani zinazobana juu ya goti. Zile zinazobana juu zinafanya kinyume, zinaifungia damu chini. Soksi yenyewe inabana zaidi kwenye kifundo na inalegea kadri inavyopanda, ndo inavyoisukuma damu juu. Kubana kwake kunapimwa kwa milimita za zebaki kama presha, na kwenye pakiti utaona namba. Za 15 mpaka 20 ndo zinazowatosha watu wengi wanaosimama kazini na unaweza kununua mwenyewe, kuanzia 20 mpaka 30 na kuendelea muulize daktari kwanza. Kama pakiti haina namba yoyote imeandikwa tu "kwa afya ya mguu", hiyo ni soksi ya kawaida imepandishwa bei.

Pili saizi. Mimi nilinunua kwa kukisia, elfu 35 yangu, nikafika nyumbani haipiti kisiginoni, na famasi hawarudishi soksi. Inatakiwa upime mzunguko wa kifundo pale pembamba na mzunguko wa shavu la mguu pale panene, kwa futi ya fundi cherehani, asubuhi kabla mguu haujavimba, af ulinganishe na jedwali la nyuma ya pakiti.

Tatu, inavaliwa asubuhi. Ukisubiri mpaka saa nane mchana mguu ushavimba ndo uvae, unajitesa bure. Jirani yangu nesi yeye anaivaa akiwa bado yuko kitandani. Usiku unaivua.

Inagusa uvimbe, uzito, na mishipa ile iliyoanza kutoka kama minyoo ya bluu. Mishipa iliyokwisha kutoka haitarudi kwa soksi, ila mguu utakua mwepesi. Kisigino haihusiki.

Nafuu inakuja siku ile ile jioni, ila ni nafuu ya aina nyingine, haikuondolei maumivu, inayazuia yasije. Wengi wanaiacha kwa sababu hiyo, wanasubiri kusikia raha na raha haiji, wanasahau kwamba jana saa hizi walikua hawawezi kupanda ngazi.

Usumbufu: joto! Mwezi wa kwanza Dar na soksi nzito mpaka gotini, utalia. Kuna za kitambaa chepesi zilizo wazi vidoleni, hizo zina unafuu. Unahitaji jozi mbili ili moja ikauke, unafua kwa mkono, usitie jiki, usianike juani, na baada ya miezi mitatu mpaka sita mpira wake unachoka unanunua nyingine. Na usiikunje juu ikafanya pete, hiyo pete inageuka kamba.

Asiguse: mwenye damu isiyofika vizuri miguuni (miguu ya baridi, inauma ukitembea kidogo ukisimama inapoa, vidonda visivyopona), na mwenye kisukari chenye ganzi asivae bila kupimwa. Hapo soksi inaweza kuleta madhara ya kweli.

Inamfaa mwenye uvimbe wa kila siku ambae hawezi kukaa kazini: nesi, kinyozi, msusi, mlinzi, mwalimu wa vipindi mfululizo. Mjamzito anaeendelea na kazi pia, wengi kliniki wanaambiwa wavae.

Viatu

Kaka yangu alikua sahihi, inaniuma kusema.

Nilikua navaa zile flat nyembamba za elfu kumi, soli unaweza kuikunja kama chapati. Kiatu kama hicho hakina kitu kati ya kisigino na taili, ni kama kusimama peku. Kandambili hivyo hivyo. Na cha kisigino kirefu kinapeleka uzito wote mbele vidoleni na kinaufupisha msuli wa nyuma. Kinachotakiwa ni soli nene kidogo, kisigino cha sentimita mbili tatu, nyuma pamebana kisigino chako kisicheze, na katikati kiatu kisikunjike, kikunjike pale vidole vinapokunjika.

Wengi tunachukua mtumba pale Karume na kwa kweli raba ya mtumba nzuri inaishinda mpya ya dukani mara nyingi, ila kuna mtego. Povu la ndani ya soli linazeeka hata kiatu kikiwa kinang'aa, kimekaa stoo miaka, ukivaa wiki mbili soli inameguka kama keki kavu. Bonyeza ubavuni mwa soli kwa kidole gumba kwa nguvu, ikiwa ngumu kama mti au ikitoa mikunjo mingi midogo midogo, rudisha. Na kiatu kanunue jioni, mguu ukiwa umevimba, cha asubuhi kitakubana saa tisa.

Kama kazini wanalazimisha kiatu cheusi cha ofisi, nunua soli za ndani zenye kibonde cha kuinua unyayo. Za povu laini tu zinapendeza siku mbili zinalala.

Inagusa kisigino na unyayo kuliko njia nyingine yoyote hapa, na misuli pia mpaka kiuno. Uvimbe inagusa kidogo. Nafuu ya kisigino haina haraka, mimi ilichukua kama miezi miwili, na watu wengine inaenda zaidi, kwahiyo usikate tamaa wiki ya pili. Hela ni ya mara moja ila inauma. Tahadhari hakuna kubwa, ila mwenye kisukari aangalie kila jioni kama kiatu kipya kimemchubua.

Inamfaa mwenye kisigino cha asubuhi, na yeyote ambae bajeti yake inaruhusu kitu kimoja tu kwa mwaka.

Unachokanyaga na unavyosimama

Watu wanakisahau hiki. Taili na zege havinyonyi uzito, kuna makapeti maalum ya mpira mnene wa kusimamia, viwanda na hoteli wanayo, ila Kariakoo tulikua tunatandika boksi. Boksi la shuka ukilikunja mara tatu nne ukasimama juu yake, tofauti utaisikia mpaka kiunoni. Kipande cha kapeti au mkeka wa yoga nacho freshi, ilimradi kisiteleze wala mteja asijikwae.

La pili, weka kitu cha urefu wa tofali chini ya kaunta, unapandisha mguu mmoja, baada ya dakika kadhaa unabadilisha. Ukienda baa za zamani utaona bomba la chini la kuwekea mguu, halikuwekwa kwa urembo.

La tatu, iwashe pampu: inuka kwa vidole shuka, inuka shuka, mara ishirini, kila nusu saa, mteja haoni hata akiona atadhani unatafuta shuka la juu.

Inagusa yote matatu kiasi. Nafuu ni ndogo ndogo ya siku nzima. Gharama ni boksi. Hakuna asiefaa kufanya, labda mwenye kizunguzungu asiinuke kwa vidole bila kushika kaunta. Haimfai mlinzi anaezunguka wala mhudumu wa meza, wao hawana sehemu moja ya kusimama.

Kuchua

Kuchua kwa mikono kunagusa misuli na unyayo. Unaanzia kifundoni unapanda kwenda gotini, sio kushuka, unafata njia ya damu. Mafuta yoyote yanafaa kutelezesha mkono, ya nazi yanatosha. Watu wa Unguja na Pemba watakwambia mafuta ya karafuu na kweli yana ganzi yake, ila yakiwa peke yake yanachoma ngozi, tia matone machache kwenye ya nazi. Deep Heat na ndugu zake zinaleta joto la juu juu linalosahaulisha maumivu, sio mbaya, ila osha mikono kabla hujagusa macho (nimejifunza kwa machozi), usipake kwenye mchubuko, usifunge na nailoni, usipake ukitoka maji ya moto.

Kwa kisigino kuna kitu naona hakipewi heshima: chupa ya maji ya nusu lita igandishe kwenye friji, weka chini, viringisha kwa unyayo dakika kumi ukiwa umekaa. Baridi na kuchua kwa pamoja.

Nafuu inakuja palepale, masaa machache imeisha. Gharama ndogo kama una mtu nyumbani, ila ile ya kumwambia mtoto akukanyage miguuni, sawa kwenye mapaja, asikukanyage nyuma ya goti.

Usichue mishipa iliyotoka. Na kama mguu mmoja tu umevimba ghafla, una joto, mwekundu au umebadilika rangi, shavu linauma ukiugusa, usichue kabisa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda ndani na kuchua kunaweza kuihamisha ikaenda mapafuni.

Inamfaa mwenye misuli iliyokaza na mwenye mtu.

Vidonge

Siwezi kuvitukana, kuna siku vimenipeleka kazini. Vinagusa maumivu ya misuli na kisigino, uvimbe wa damu iliyotuama havigusi hata kidogo, na hapo ndo wengi tunaliwa, unameza kila siku mguu unabaki vile vile umejaa.

Nafuu ni nusu saa mpaka saa moja, inakaa masaa machache. Bei ndogo ukinunua kimoja, kubwa ukihesabu mwezi, na gharama nyingine iko tumboni. Paracetamol ni mpole zaidi, mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa masaa 24, ini halina utani. Diklofenaki na ibuprofen ni familia moja, usizichanganye, na zikizoeleka zinaleta vidonda vya tumbo, zinapandisha presha, zinachosha figo. Soma pakiti, kuna vidonge vina diklofenaki na paracetamol ndani ya kimoja, ukiongeza Panadol juu ushazidisha bila kujua. Jeli ya kupaka ya diklofenaki inaingia kidogo kwenye damu kuliko kidonge, kwa kisigino au goti ni afadhali uanzie hapo.

Asiguse hiyo familia ya diklofenaki: mwenye vidonda vya tumbo, presha isiyotulia, ugonjwa wa figo, na mjamzito, hasa kuanzia wiki ya 20. Mwambie muuza dawa hata kama hajakuuliza, maana mara nyingi hakuulizi.

Inamfaa mwenye siku mbaya moja, sikukuu ya Idi duka limejaa umesimama masaa 13. Ukijikuta wiki ya pili bado unameza, hilo ni suala la daktari sio la duka la dawa.

Sasa wewe ni yupi?

Ukiwa na uvimbe wa kila jioni na hela ipo kidogo: soksi za 15 mpaka 20 kwa mchana, ukuta kwa jioni. Hela haipo: ukuta peke yake pamoja na kuinuka kwa vidole kazini, na ujipe wiki mbili uone.

Ukiwa na kisigino cha asubuhi: hela yote iende kwenye kiatu, jioni chupa ya barafu, na kabla hujashuka kitandani vuta vidole vya mguu kuja kwako hesabu mpaka thelathini mara tatu. Soksi za kubana achana nazo, sio ugomvi wako.

Misuli tu imechoka, hasa kama kazi ni mpya: beseni la moto na kuchua, na mwili utazoea kiasi chake.

Una kisukari: usianze na chochote cha moto wala cha kubana kabla hujaonyesha miguu kliniki. Boksi chini, kiatu kipana, na kuikagua miguu kila usiku.

Una mimba: soksi, kulala ubavu, na viatu vipana. Ila ukivimba ghafla uso na mikono, kichwa kinauma, unaona maruweruwe, hiyo sio ya kusimama, nenda kituo cha afya usiku huo huo.

Unakaanga chipsi au uko jikoni: toka nje kwenye upepo kila nafasi, maji ya baridi miguuni ukimaliza, moto umeupata wa kutosha.

Huna ruhusa ya kukaa kazini: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema ukifanya kazi zaidi ya masaa matano mfululizo upate mapumziko ya dakika 60 angalau, na masaa ya kawaida yasizidi 9 kwa siku. Mimi na wenzangu tuliitumia hiyo ya dakika 60, kwa upole, tukapangiana zamu, kila mmoja analala nusu saa stoo miguu juu ya marobota ya mapazia.

Na kama wewe ndo boss na unasoma hii kwa sababu wadada wako wanachechemea: kule Kerala, India, wauza sari waliandamana mpaka mwaka 2018 sheria ya maduka ikabadilishwa wapate haki ya kukaa. Wewe hujaandamaniwa bado. Stuli mbili za plastiki nyuma ya kaunta, hata zile ndefu za baa ambazo mtu anaegemea tu akiwa nusu kasimama, mteja akiingia anasimama mara moja. Boss wangu wa mwisho aliziweka baada ya yeye mwenyewe kufanyiwa operesheni ya goti akakaa wiki tatu dukani hawezi kusimama, na mauzo ya wiki zile tatu hayakushuka, nilikua naandika daftari mimi.